Bei ya Kona ya Nyuma

Nawaambia mapema kabisa: kilichotokea nyuma ya nyumba ya Mzee Timazi, ningesimuliwa na mtu njiani ningemwambia ndugu yangu, kapumzike, jua limekuingia kichwani. Lakini kimetokea. Tena mchana kweupe, na watu wana macho yao.

Tulipoachana wiki iliyopita, fundi Kipara alikuwa ameshuka kwenye shimo alilochimba kona ya nyuma, pale ufa unapoanzia. Kachungulia msingi, kaugusagusa, kanyamaza. Akatoka na matope mpaka magotini, akamgeukia Mzee Timazi, mtu aliyemfundisha kushika mwiko, akamuuliza lile swali lililowafanya mnitumie meseji mpaka simu ikaishiwa chaji:

"Mwalimu, niseme au ninyamaze?"

Mama Cherehani alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Alisikia kila neno. Akamtazama mumewe, Mzee Timazi.

Mzee Timazi akamkazia macho Kipara. Hilo jina hakupewa bure. Ukuta aliousimamisha yeye, ukiushushia timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni, kamba na ukuta vinakumbatiana kutoka juu mpaka chini. Nusu ya mtaa inalala kwenye kazi ya mikono yake. Na leo nyumba yake mwenyewe inapasuka kama kisigino.

"Sema bei," akamjibu. "Mengine meza."

"Ameze nini?" Mama Cherehani akashuka ngazi. "Nyumba hii na mimi ni yangu. Kipara mwanangu, tapika."

Kipara akajikuna upara. Akamtazama mwalimu wake, akamtazama mama, akachagua njia ya katikati.

"Mama, msingi wa hiki chumba cha nyuma ni mfupi. Vyumba vingine vyote msingi unashuka mpaka kiunoni. Hapa unaishia gotini. Na chini yake ni ule udongo mweusi, mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea. Chumba kinapanda na kushuka kama kifua cha mtu mwenye pumu. Ukuta utaacha vipi kupasuka?"

"Nyumba moja, misingi miwili?"

"Chumba hiki kiliongezwa baadaye, mama. Unakumbuka."

Anakumbuka! Atasahau vipi? Chumba kile kiliongezwa kwa ajili ya mtoto wao wa kwanza, alipoota ndevu akachoka kulala sebuleni, miguu imeng'inia nje ya kochi. Watu walimwita Mnara kwa urefu wake. Humo ndimo alimolala, humo ndimo alimougulia. Homa ilianza kama mzaha, akasema nipumzike kidogo, nitaamka. Akatolewa humo amebebwa.

Mpaka leo kitanda kimetandikwa. Kila Jumamosi Mama Cherehani anaingia, anatoa shuka ambazo hakuna aliyezilalia, anazifua, anatandika nyingine. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kumuuliza kwa nini.

"Nani alichimba msingi huu?" akauliza.

Kipara akafungua mdomo.

"Mimi," Mzee Timazi akawahi.

Kipara akafunga mdomo.

"Wewe? Wewe unayewafokea watu kwa upana wa kidole?"

"Nilikuwa na haraka, nikakosea. Kwani mafundi hawakosei? Wewe hujawahi kushona mkono wa kulia upande wa kushoto?"

"Nimeshona," Mama Cherehani akasema. "Nikafumua."

"Haya, na sisi tufumue. Kipara, bei!"

Kipara akageuza ndoo, akaketi. Mama Cherehani naye akageuza yake. Mzee Timazi akabaki amesimama, kaegemea mti wa kamba ya kuanikia nguo, anautazama ule ufa kama mtu anayetazamana na mdai wake.

"Kuna bei ya kujidanganya," Kipara akaanza. "Naziba ufa kwa lipu, napaka rangi, mnanipa laki moja na nusu, naondoka napiga mluzi. Mwakani mnaniita tena."

Mzee Timazi akatazama chini.

"Hiyo hatutaki. Ya kutengeneza kweli?" akauliza Mama Cherehani.

"Milioni saba."

Ndoo ikalia chini ya Mama Cherehani.

"Milioni ngapi? Kipara! Mimi nimekupikia ukiwa huna hata kijiko, leo unanitajia bei ya mtu baki?"

"Mtu baki ningemwambia tisa, mama." Kipara hakucheka. "Nisikilize. Saruji, mchanga, kokoto, nondo, vyote hivyo havifiki milioni mbili na nusu. Iliyobaki yote ni mikono. Siwezi kuchimba upande mzima kwa mpigo, nyumba itabaki inaelea. Nachimba kipande cha upana wa mlango, mtu anaingia chini ya ukuta kwa magoti, tunamwaga zege, tunasubiri likaze, ndipo turukie kipande kingine. Watu wanalipwa kuchimba, wanalipwa kusubiri, wanalipwa kuingia chini ya ukuta ambao wewe mwenye nyumba hutaki hata kuupitia karibu. Bei ya msingi si bei ya saruji, mama. Ni bei ya woga."

"Na ikifika katikati uniambie imepanda?"

"Inaweza kupanda. Kule chini hakuna aliyewahi kwenda kutembea. Ndiyo maana fundi akikutajia bei ya msingi kabla hajachimba shimo akaona, mfukuze na mbwa. Na ukishakubaliana na wa kweli, ficha ya ziada pembeni."

Mama Cherehani akaisogeza ndoo yake karibu. "Hakuna nyingine?"

Kipara akaanza kuchora chini kwa kijiti. "Ipo ya kukibomoa chumba. Tunakikata kama kucha, tunaufunga ukuta wa nyumba kubwa, mnalala kwa amani. Milioni moja na kidogo."

"Bomoa," akasema Mzee Timazi.

Hivyo tu. Kama mtu aliyekuwa amelishika hilo neno mdomoni siku nyingi, akisubiri nafasi ya kulitema.

Mama Cherehani akainuka taratibu. "Umesema?"

"Nimesema bomoa. Tumebaki watatu, vyumba vinatutosha. Chumba kitupu cha nini?"

"Kitupu?" Akaipiga ndoo teke. "Umekiita kitupu? Labda mnizike humo kwanza, ndipo mbomoe!"

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Wewe tangu tumzike hujawahi kukaa kwenye kile kitanda hata sekunde. Unaingia na ndoo yako ya lipu na brashi, unafunga mlango, unapaka, unatoka. Mimi nikiingia sikuti hata harufu ya mwanangu, nakuta harufu ya rangi! Sasa umechoka kupaka, unataka kumfuta kabisa!"

Mzee Timazi alipokea maneno yale kama ukuta unavyopokea mvua.

"Milioni saba ipo," Mama Cherehani akamgeukia Kipara. "Kesho lete watu wako."

Pembeni kwenye bomba, mtu aliyekuwa anasugua sufuria akaacha kusugua.

Wote wanne walijua milioni saba iko wapi. Ni pesa ya Kitinda. Kitinda ndiye wa mwisho kuzaliwa, na amepata nafasi chuo cha uuguzi. Aliutaka uuguzi tangu alipokuwa anamshikia kaka yake kikombe cha maji, hajui afanye nini kingine. Ile pesa Mama Cherehani kaikusanya kola kwa kola, sare za shule za watoto wa watu, mpaka ncha za vidole zimekuwa ngumu kama ukucha.

"Mama," Kitinda akaita. "Ya ada?"

"Chuo hakihami, mwanangu. Mwakani kitakuwepo."

"Hata mwaka jana ulisema mwakani."

Kitinda akaisimamisha sufuria ukutani, pole pole, kama anaogopa isipige kelele.

"Kaka amekufa, mama. Mimi niko hai. Ukuta huo una pande mbili. Upande mmoja kuna kitanda chake, upande wa pili kuna changu. Ukianguka, yeye hautamuumiza."

Akafuta mikono kwenye khanga, akatoka getini. Hata kandambili hakuvaa.

Jamani! Kuna maneno mtu akishayasema, hata aliyeyasema anatamani ayakimbie.

Kipara akakusanya vifaa vyake kimya kimya. Akatazama juu, mawingu yalikuwa yameanza kukaa vikao.

"Naenda kutafuta mihimili ya kuuegemeza huu ukuta. Nitarudi nayo kesho asubuhi, mtakuwa mmeshaamua. Lakini hiyo kona sasa iko wazi, asiiguse mtu. Hata kuku asichakure hapo."

"Tumesikia, bosi," Mzee Timazi akasema, na kwa mbali ilikuwa kama utani.

Mama Cherehani akamsindikiza Kipara mpaka barabarani. Kipara akapanda pikipiki, akatia ufunguo. Mkono ukapita kama mwewe. Ufunguo ukawa uko kwa mama.

"Mama!"

"Mume wangu hakuchimba huo msingi. Akiwa anasema uongo huanza kukuuliza maswali. Leo kaniuliza kuhusu mikono ya gauni. Na nimekumbuka kitu: wakati chumba kile kinaanza, yeye alikuwa mbali, kwenye kazi ya kujenga ghala, na wewe ulikuwa naye. Nani aliuchimba mpaka mwisho?"

"Mama, nimekatazwa."

"Na mimi nakukataza kuondoka. Tuone nani atachoka."

Kipara akatazama huku na huku. Mtu mzima, ana vibarua sita chini yake, anaogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Ni Mnara, mama."

Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la barabara. Mama Cherehani aliliacha limwingie machoni.

"Alitaka baba yake akirudi akute msingi uko tayari. Akachimba peke yake. Udongo alioutoa akaurundika pale pale ukingoni. Akachukua ile fimbo ya mwalimu yenye alama ya kina cha msingi, akaisimamisha ndani ya mtaro, akatazama alama. Lakini aliilinganisha na juu ya rundo, mama. Hakuilinganisha na usawa wa ardhi. Rundo lenyewe limefika gotini! Ukiwa humo ndani unaona kina kimetimia kabisa. Ni kosa la mtu aliyechimba bila mwenzake wa kumwambia toka kidogo, tazama kwa nje."

Mama Cherehani akaushika usukani wa pikipiki kwa mikono yote miwili.

Kwa sababu mwenzake alikuwepo! Alikuwa yeye. Miaka yote aliamini kijana alianza tu mtaro, baba yake akarudi kuumalizia. Siku ile alimpelekea mwanawe maji, akasimama juu ya lile rundo, akamwona kule chini anavyotokwa na jasho, akamwambia kwa furaha: mwanangu, umeshazama mpaka kiunoni! Na Mnara akacheka, akanywa maji yote, akasema basi mama, panatosha.

Panatosha.

"Endelea," akasema.

"Tuliporudi, zege limeshamwagwa na limekauka. Mnara akatukimbilia, baba njoo uone, baba njoo uone. Mwalimu unamjua, kosa analiona akiwa bado yuko barabarani. Aliinama, akatazama ukingo wa zege, akatazama rundo la udongo. Nikasema moyoni, leo kijana atavunja yote kwa nyundo, tena analia. Mwalimu akainuka, akamshika mabega, akamwambia, 'Safi sana, fundi.' Mama, mimi nilisubiri miaka mitano kuitwa fundi na mtu yule. Mnara aliruka mpaka nikaona wivu."

"Na wewe ukanyamaza."

"Aliniambia pembeni: nitautengeneza mwenyewe, taratibu, kijana akishakomaa. Nikimvunja leo hatashika tena mwiko. Basi ukuta ukapanda, bati likapanda..."

"Na mwanangu akafa."

"Ndiyo, mama."

Sasa nyinyi mnaopenda methali ya ufa, ile ya usipoziba utajenga ukuta, mko wapi? Huyu mzee aliziba! Kila mwaka kabla ya mvua alijifungia mle ndani na ndoo yake, anaziba kosa la mtoto wake kabla mtu hajaliona. Na mke wake nje ya mlango anasema: anamfuta.

"Kwa nini leo anataka kukibomoa?" Mama Cherehani akauliza, ingawa alikuwa ameanza kuelewa.

"Nikianza kazi, vibarua wangu wote watashuka chini ya ule ukuta. Mafundi tuna midomo, mama. Jioni watakaa kijiweni waulizane, umeona msingi wa mtoto wa Timazi? Gotini! Watacheka mpaka walie. Lakini chumba kikishabomolewa, kifusi hakisemi."

Mama Cherehani akamrudishia ufunguo. Akatembea tu, mtaa hadi mtaa, saa mbili nzima, ndipo akageuka kurudi.

Getini akakutana na Kitinda anarudi, miguu vumbi tupu, macho yamevimba.

"Mama, chukueni ada. Nimefikiria. Nilisema vibaya."

"Hukusema vibaya."

"Nilisema kaka..."

"Ulisema kweli, mwanangu. Kweli haina sauti nzuri." Akamvuta, akamkumbatia pale pale getini, watu wanapita. "Nenda kanawe miguu. Ada haiguswi. Chumba kitabomolewa, mimi mwenyewe nimesema."

"Mama, usiseme tu kwa ajili yangu."

"Kwani wewe ni mtoto wa jirani?"

Kitinda akacheka huku analia, ile namna mbaya ya kulia. Akaenda kunawa miguu.

Mama Cherehani akaingia chumba cha nyuma. Alikuwa amepanga yote njiani: atamwambia mumewe bomoa, umeshinda. Hatamwambia ameambiwa nini. Kama mzee ameibeba siri ile miaka yote, basi amwache aamini bado ameibeba peke yake.

Akaanza kutandua shuka. Haikuwa Jumamosi. Akaikunja mara moja, akaikunja tena, akaibana kifuani. Kisha mto. Chini ya mto hapakuwa na kitu, alijua hapana kitu, lakini mkono ulipapasa tu. Ukutani ufa ulikuwa umeshuka kutoka kwenye dari mpaka usawa wa kitanda, na juu yake lipu ya miaka tofauti, tabaka juu ya tabaka, kama kiraka juu ya kiraka. Yeye ni mshonaji. Alitazama ile kazi kwa jicho la mshonaji kwa mara ya kwanza. Mtu hawezi kushona viraka vizuri namna ile kwenye nguo asiyoipenda.

Akaweka kiganja pale.

Ndipo akasikia.

Ku! Ku! Ku!

Sauti haikutoka nje. Ilitoka chini ya miguu yake.

Shuka ikaanguka. Alizunguka nyumba mbio, gauni kalishika mkononi, na alipofika kona ya nyuma moyo ukamwenda mbio kuliko miguu.

Mzee Timazi alikuwa ndani ya shimo, tumbo wazi, kichwa na mabega vimeshaingia chini ya ukuta. Anapiga sururu. Pembeni kumepangwa mifuko ya saruji mipya, mchanga na kokoto, na zege limeshakorogwa kwa mkono juu ya kipande cha bati.

"Baba Kitinda! Umechanganyikiwa? Saruji umeitoa wapi?"

"Ile mashine yangu ya kukorogea zege imepata mwenyewe, yule mwenye duka la vifaa," sauti ikajibu kutoka chini ya nyumba.

"Umeuza mashine! Ndiyo iliyokuwa inatulisha!"

"Ilikuwa inanipigia kelele."

"Toka! Mihimili haijaja. Kipara kasema hata kuku..."

"Kipara nimemfundisha mimi."

"Ulimfundisha asiingie chini ya ukuta usioegemezwa!"

"Nilimfundisha," akakubali. "Na ni mwanafunzi mzuri." Akakohoa kile kikohozi chake cha vumbi la saruji, kikohozi cha maisha mazima. "Hesabu yake umeisikia mwenyewe. Vifaa ni hela ndogo, hela kubwa ni mikono. Mikono ninayo. Chumba kinabaki, ada inabaki. Nani kapunjwa?"

"Nimekubali kibomolewe. Sikia, nimekubali! Toka tubomoe."

Sururu ikapiga mara moja, ikapiga tena. "Uliposema uzikwe humo kwanza, nikajua kubomoa hakuwezekani."

"Nimebadilisha mawazo."

"Na mimi nimebadilisha yangu."

Tangu mazishi, wale wawili walikuwa wameacha kuitana kwa jina la mtoto wa kwanza. Waliruka kimya kimya wakahamia kwa Kitinda, hakuna aliyemwambia mwenzake, ilitokea tu, kwa sababu lile jingine lilikuwa linauma ulimini. Leo Mama Cherehani akapiga magoti ukingoni, kwenye matope, akamwita:

"Baba Mnara."

Sururu ikasimama.

"Najua aliyechimba."

Chini ya ukuta palisikika pumzi tu, nzito, za mtu mzee.

"Kipara ana mdomo," hatimaye akasema.

"Nilimnyang'anya ufunguo wa pikipiki."

Akataka kucheka, kikatoka kikohozi. Halafu sauti ikarudi, ndogo, haikuwa ile sauti ya kufokea watu juu ya majukwaa ya ujenzi.

"Basi kama unajua, unajua kwa nini haingii mtu mwingine humu. Sitaki vibarua waje waipimepime kazi ya mwanangu na kucheka. Nilimsifu kwa kazi ya nusu, mama Mnara. Nusu iliyobaki ni yangu. Nilimwahidi moyoni, yeye hajui. Nikaahirisha mwaka huu, nikaahirisha mwaka ule, nikidhani muda tunao."

"Na mimi nilikuwa nimesimama pale juu ya rundo," akasema Mama Cherehani, machozi yanadondoka shimoni. "Nikamwambia umezama. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Najua. Alinisimulia. Alifurahi sana."

Ngurumo ikapita mbali. Tone la kwanza likadondoka kwenye mfuko wa saruji, likafanya doa jeusi. Likaja la pili.

"Sikiliza sasa," Mzee Timazi akasema, na safari hii alikuwa fundi anayezungumza. "Kona imeshafunguka. Maji yakiingia humu kabla ya zege, huu udongo utalainika kama uji, na ukuta hautaondoka peke yake, utaondoka na chumba cha Kitinda. Natoa udongo huu uliolegea, namwaga zege kipande hiki kimoja. Kimoja tu. Kikishika, mvua ije na ukoo wake wote. Nimeishiwa nafasi ya kugeuka. Nipe beleshi."

Nyuma yake Kitinda alikuwa ameshatokea, miguu bado inachuruzika maji, kashika simu sikioni. "Kipara hapatikani, mama! Baba yuko wapi? Mama, baba yuko wapi?"

"Kaa mbali na ukuta!"

Beleshi lilikuwa limelala kwenye majani. Mama Cherehani akaliokota. Asipompa, mzee hatoki, atakwangua kwa vidole mpaka maji yamkute humo. Akimpa, anamwongezea kazi chini ya tani za matofali, bila mhimili hata mmoja. Amvute miguu? Mwanamke wa umri wake, na matope haya, na ukuta ule ambao ukiguswa tu vibaya...

Juu, kwenye ufa, kipande cha lipu kikabanduka, kikateleza, kikamwangukia mzee mgongoni. Hakujipangusa. Mkono wake ukatoka chini ya nyumba, umejaa udongo mweusi, kiganja wazi.

"Mama Mnara. Haraka."

Msomaji wangu, ungekuwa ni wewe umepiga magoti pale, mwana mmoja umeshamzika, mwingine analia nyuma yako, na mpini wa beleshi uko mkononi mwako: ungempa?